Kumrudisha Aliyekata Roho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila habari ya "wanasayansi wafufua maiti" inapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, maswali yanayofuata ni yale yale. Nimeyaweka hapa kwa mpangilio yanavyokuja mdomoni. Majibu hayalingani urefu kwa sababu mambo yenyewe hayalingani.

Je, sayansi imeshamfufua mtu yeyote?

Inategemea unamwita nani maiti. Aliyezikwa, au aliyelala mochwari siku tatu, hajarudishwa na mtaalamu yeyote. Lakini aliyesimama moyo na kukatika pumzi sasa hivi? Huyo hurudishwa kila siku mahali fulani duniani. Mwaka 1960 watafiti watatu wa Johns Hopkins huko Baltimore, William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker, walichapisha mbinu ya kukandamiza kifua kwa mikono mitupu. Kabla ya hapo, kuukanda moyo uliosimama kulihitaji kisu cha kufungua kifua.

Kwa kipimo cha babu zetu, watu wanaorudishwa hivyo walikufa wakarudi. Kwa kipimo cha leo hawakufa, moyo ulisimama tu. Mstari umesogezwa, na bado unasogezwa. Sehemu kubwa ya maswali yaliyobaki ni kuhusu huo mstari.

Basi mtu hufa saa ngapi hasa?

Cheti cha kifo kina nafasi ya saa na dakika, ila mwili haufuati karatasi. Kiswahili kimelijua hili zamani: mgonjwa hukata kauli, huingia kwenye sakarati, ndipo akakata roho. Ni hatua hizo. Daktari naye ana hatua zake. Moyo ukisimama, fahamu hupotea ndani ya sekunde chache. Ubongo huanza kuumia baada ya dakika chache. Figo huvumilia zaidi, na ngozi zaidi tena. Hakuna dakika moja ambayo seli zote hukubaliana kuondoka.

Na baridi huvuruga hesabu yote. Mwaka 1999 nchini Norway daktari kijana, Anna Bågenholm, alitumbukia kwenye kijito kilichoganda alipokuwa akiteleza kwenye theluji, akanaswa chini ya barafu kwa dakika 80. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 13.7. Moyo ulikuwa umesimama. Hospitali ya Tromsø ilimpasha joto kidogo kidogo kwa mashine, akapona na baadaye akarudi kazini udaktari. Ndiyo maana madaktari wa nchi za baridi hawamtangazi mtu wa aina hiyo kuwa amekufa kabla hawajampasha joto.

Ile habari ya vichwa vya nguruwe wa Yale ni ya kweli?

Ni ya kweli, ingawa vichwa vya habari viliitia chumvi. Ilitoka kwenye jarida la *Nature* mwezi Aprili 2019. Kikundi cha Nenad Sestan katika Chuo Kikuu cha Yale kilichukua bongo 32 za nguruwe kutoka machinjioni, nguruwe waliochinjwa kwa ajili ya kitoweo. Saa nne baada ya kuchinjwa, kila ubongo uliunganishwa kwenye mtambo walioupa jina BrainEx, ambao ulisukuma kimiminika chenye oksijeni kwenye mishipa kwa saa sita.

Walichokiona kilivunja jambo lililokuwa likifundishwa darasani, kwamba ubongo ukikosa damu kwa muda huo hakuna kinachobaki cha kuokoa. Mishipa ya damu iliitikia dawa. Seli zilitumia sukari na oksijeni, zikatoa kaboni dioksidi. Vipande vilivyokatwa na kusafishwa vilionyesha kwamba seli mojamoja bado ziliweza kurusha umeme wake. Lakini ubongo mzima haukuonyesha mawimbi yale ya umeme yanayoambatana na fahamu. Hakuna nguruwe aliyeamka. Kilichorudi ni kazi za seli, na wenyewe walisema hivyo waziwazi. Nadhani ni sahihi kusema seli zilikuwa hai ndani ya ubongo uliokufa, hata kama sentensi hiyo inakwaruza masikio.

Sasa kwa nini waliweka dawa ya kuuzuia ubongo usiamke?

Hapa ndipo nywele zinaponisimama.

Ndani ya kile kimiminika walitia kwa makusudi dawa zinazozuia seli za neva zisipashane umeme. Sababu ya kwanza ni ya kitabibu: seli iliyojeruhiwa ikilazimishwa kuchapa kazi hujimaliza. Sababu ya pili ni kwamba hawakutaka ubongo ule uwe na fahamu. Walikaa na kipimo cha umeme wa ubongo muda wote, dawa ya usingizi ikiwa tayari, pamoja na mpango wa kuupoza ubongo na kusimamisha jaribio mara moja endapo mawimbi yaliyopangika yangejitokeza.

Tafakari maana yake. Sisi wengine tunaogopa maiti kuinuka na kukimbiza watu. Wenye maabara waliogopa jambo kinyume: kitu kinachojua kwamba kipo, bila macho, bila ngozi, bila koo la kulilia. Kingejulishaje kwamba kinaumia?

Sheria nazo zilikuwa kimya. Kanuni za Marekani za kulinda wanyama wa maabara zinalinda mnyama aliye hai, na kichwa kilichotoka buchani ni nyama. Watafiti walitafuta ushauri wa wataalamu wa maadili bila kulazimishwa na mtu, akiwemo Stephen Latham wa hapohapo Yale. Je, dawa zile zingeondolewa, ubongo mzima ungeamka? Hawakujaribu. Nasema walifanya vyema, ingawa ninajua kwamba siku moja mtu mwingine, katika nchi nyingine, atajaribu.

Na wale nguruwe wa pili waliotikisa shingo?

Hiyo ni OrganEx, ya Agosti 2022, kikundi kilekile. Safari hii mwili mzima: moyo wa nguruwe aliyelazwa kwa dawa ya usingizi ulisimamishwa, akaachwa saa nzima, kisha mtambo ukasukuma damu yake iliyochanganywa na kimiminika chenye dawa kwa saa sita. Moyo, ini na figo vilionyesha dalili za kujikarabati. Walipodunga rangi ya kupigia picha, vichwa na shingo za nguruwe zilitikisika. Kwenye ubongo hawakuona umeme uliopangika, kwa hiyo mtikisiko haukuwa dalili ya fahamu. Hata hivyo waliokuwa chumbani walikiri kwamba walishtuka, na ningewashangaa wasingeshtuka. Lengo lao ni viungo vya kupandikiza, na huenda siku moja waliozama majini au walioshikwa na mshtuko wa moyo.

Si mambo mapya haya, walijaribu zamani kwa umeme?

Walijaribu. Januari 1803, London, Giovanni Aldini aliunganisha betri kwenye maiti ya George Forster, aliyekuwa ametoka kunyongwa gereza la Newgate. Taya likatetemeka, jicho moja likafunguka, baadaye mkono ukainuka na ngumi ikafungwa. Umeme ulikuwa ukikaza misuli tu, kama mjomba wake Luigi Galvani alivyofanya kwa miguu ya vyura.

Ninayemfikiria zaidi ni Robert Cornish wa California. Mwaka 1934 aliwaua mbwa kwa gesi, akawalaza kwenye ubao unaopanda na kushuka ili damu izunguke, akawadunga dawa. Mbwa wake aliwaita Lazaro na kuwapa namba. Baadhi walirudi wakaishi miezi. Walirudi vipofu, wasioweza kusimama wenyewe.

Miaka ya 1940 mfungwa wa San Quentin aliyehukumiwa kifo, Thomas McMonigle, alijitolea afufuliwe na Cornish baada ya kuuawa kwa gesi. Wakuu wa California walikataa. Moja ya hofu zilizotajwa: akirudi, si atakuwa ameshatumikia adhabu yake? Alikufa kwenye chumba cha gesi mwaka 1948, na swali lake la kisheria likabaki bila jibu la mahakama.

Ndugu yangu yuko kwenye mashine, moyo unapiga, ana joto. Wanasemaje amekufa?

Pole sana. Hili ndilo swali zito kuliko yote hapa, na nguruwe hawaingii kabisa.

Mashine ya kupumulia ilizaa hali ambayo haikuwepo tangu dunia iumbwe: mwili wenye joto na mapigo, na ubongo usiorudi. Mwaka 1968 kamati ya Harvard ilipendekeza kwamba ubongo wote ukishaacha kazi moja kwa moja, mtu amekufa, hata kama mashine inasukuma pumzi. Miezi michache tu kabla, Desemba 1967, Christiaan Barnard alikuwa amepandikiza moyo wa kwanza wa binadamu pale Groote Schuur, Cape Town. Wanaodhani kamati iliharakishwa na haja ya viungo hawajatunga jambo kutoka hewani, maana ripoti yenyewe ilitaja viungo.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, kifo cha ubongo si sawa na koma. Aliye kwenye koma ana ubongo unaofanya kazi, na anaweza kuamka. Waulize madaktari kwa maneno hayo hasa: ni koma, au ubongo umekufa? Mmepima nini, mara ngapi? Una haki ya kujibiwa. Pili, mwili ambao ubongo wake umekufa unaweza kuinua mikono na kuikunja kifuani. Madaktari huiita ishara ya Lazaro, na inatoka kwenye uti wa mgongo, pasipo ubongo kuhusika. Familia ikiiona bila kuelezwa mapema, haitamwamini tena mtu yeyote mle wodini. Nami nisingeilaumu.

Sitajifanya sijui kwamba kwetu swali hili huulizwa na bili mezani. Kitanda cha wagonjwa mahututi hulipiwa kwa siku, harambee ina mwisho, na mjomba mmoja lazima aseme neno ambalo wengine hawataki kulisema. Uamuzi uliofanywa kwa sababu fedha zimeisha usivishwe joho la sayansi, na uamuzi wa sayansi usishukiwe kwa sababu ya fedha. Vitenganisheni hivyo viwili kwenye kikao.

Dini zinasema nini kuhusu hilo?

Si sauti moja. Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 lilikubali njia mbili za kuhukumu kifo: moyo na pumzi kusimama kabisa bila kurudi, au kazi zote za ubongo kusimama bila kurudi kwa ushahidi wa madaktari mabingwa. Wapo masheikh wasiokubali njia ya pili. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida kumshikilia mtu, na kwamba kutambua wakati wa kifo ni kazi ya daktari. Umuulize sheikh au padri wako, lakini umuulize kabla hujafika wodini.

Nasikia wanaufufua moyo wa maiti ili wachukue viungo. Uongo?

Si uongo. Hapa ndipo maneno "kufa" na "kufufua" yanapogongana uso kwa uso.

Mgonjwa asiye na matumaini huondolewa mashine kwa ridhaa ya familia, na moyo unasimama. Madaktari husubiri, mara nyingi dakika tano, Italia dakika 20, kisha humtangaza amefariki. Sasa kuna mbinu inayotumika Hispania, Uingereza na Marekani ya kurudisha mzunguko wa damu ndani ya mwili baada ya tangazo hilo, ili ini, figo, na mahali pengine hata moyo, vibaki na afya ya kupandikizwa. Mishipa inayopanda kichwani hufungwa au kuzibwa ili damu isifike ubongoni.

Wapinzani wanauliza: mmesema amekufa kwa sababu moyo umesimama, nanyi mmeurudisha, je, alikuwa amekufa? Na mnafunga mishipa ya kichwa kwa nini, kama hamna wasiwasi? Mwaka 2021 chama cha madaktari wa tiba Marekani, American College of Physicians, kilitaka mbinu hiyo isimamishwe kwanza. Watetezi wanajibu kwamba mtu huyo amekataa kurudishwa, na kinachozungushwa ni damu ya viungo alivyotaka kuvitoa.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha ya sheria. "Moyo hauwezi kupiga tena" ni jambo moja. "Moyo hautapiga tena" ni jambo jingine, kwa sababu la pili linategemea kama kuna atakayeugusa. Sheria za nchi nyingi ziliandikwa kwa maana ya kwanza, na hospitali zinafanya kazi kwa maana ya pili. Marekani walijaribu kuiandika upya sheria yao ya mfano ya kutambua kifo, ya mwaka 1981, wakashindwa kuelewana, na kazi ikasitishwa mwaka 2023. Mimi sipingi kutoa viungo. Ninapinga familia kutoambiwa kwamba moyo utarudishwa kupiga. Waambiwe, kwa lugha wanayoota nayo usiku, ndipo watie saini.

Waliogandishwa Marekani watarudi?

Sioni njia. James Bedford, wa kwanza kugandishwa baada ya kufa kwa tumaini la kufufuliwa siku moja, aliwekwa hivyo Januari 1967 na bado yumo kwenye pipa huko Arizona. Mwili huondolewa damu, hujazwa kemikali za kuzuia chembe za barafu, kisha hushushwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2023 watafiti wa Minnesota waligandisha figo za panya, wakaziyeyusha na kuzipandikiza zikafanya kazi. Kutoka figo ya panya hadi kumbukumbu za mtu ni mbali mno. Na ni biashara: mwili mzima unaweza kugharimu dola 200,000 hivi. Miaka ya 1970 huko Chatsworth, California, fedha za kuhifadhi miili ziliisha, na miili ikaoza makaburini bila jamaa kuambiwa.

Hata hivyo simcheki binti wa miaka 14 wa Uingereza, mgonjwa wa saratani, aliyemwandikia jaji barua mwaka 2016 akiomba asizikwe bali agandishwe. Wazazi walitofautiana. Jaji alimpa mama mamlaka ya kuamua. Ninachouliza ni kwa waliomuuzia.

Nani anatoa ridhaa ya jaribio la kumrudisha mtu, kama mwenyewe ameshazimika?

Hakuna, kwa kweli. Huko Baltimore, Samuel Tisherman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland walianza kujaribu kuwapoza watu waliopigwa risasi au kuchomwa kisu ambao moyo umesimama: damu inabadilishwa na maji ya chumvi ya baridi kali, mwili unashushwa hadi nyuzi 10 au 15, daktari anapata muda wa kushona majeraha. Novemba 2019 walieleza kwamba angalau mtu mmoja ameshafanyiwa. Kwa kuwa mgonjwa hawezi kuulizwa, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu bila ridhaa yake, kwa sharti kwamba wakazi watangaziwe na asiyetaka ajiandikishe kukataa. Wangapi husoma matangazo hayo? Na wanaoletwa na risasi katika mji ule ni vijana weusi wa mitaa ya kimaskini kuliko wengine. Ningetaka jaribio liendelee, na ningetaka pia kusikia mama zao wakihojiwa.

Mbona Kenya mtu aliamka mochwari?

Kisa cha mwaka 2020 kilitangazwa sana, na hakikuwa cha kwanza. Huyo hakufufuka, alitangazwa vibaya. Kukosa kipimo cha moyo, haraka, na mapokezi yenye foleni vinatosha kumfanya aliyezimia aonekane maiti. Pia moyo unaweza kujianzisha wenyewe dakika chache baada ya madaktari kuacha kuukandamiza, na ndiyo maana wanashauriwa wasubiri na kutazama kabla ya kuandika saa.

Wanaorudi wanaona nini?

Wengi hawakumbuki kitu. Utafiti wa Sam Parnia na wenzake uliochapishwa 2023 ulifuatilia watu 567 waliosimama moyo hospitalini. Waliopona ni 53, waliohojiwa 28, na 11 kati yao walieleza kumbukumbu au hisia fulani. Utafiti mwingine wa 2023, wa Jimo Borjigin huko Michigan, uliona mawimbi ya kasi ubongoni kwa wagonjwa wawili kati ya wanne baada ya kuondolewa mashine. Hao wawili hawakuishi kusimulia.

Akirudi mtu ambaye ameshaandikiwa cheti, ndoa na mirathi vinakuwaje?

Sheria zinamjua aliyepotea akarudi. Kenya, kwa mfano, asiyesikika kwa miaka 7 huchukuliwa kuwa amefariki, na akitokea mlangoni mahakama ina pa kuanzia. Aliyekufa akarudi hayumo kwenye daftari lolote. Mjane aliyemaliza eda ya miezi minne na siku kumi akaolewa, afanyeje? Kwa sasa ni maswali ya barazani, kwa sababu anayerudishwa hurudishwa kabla ya cheti.

Haya si ndiyo mambo ya msukule?

Watu hucheka swali hili. Mimi silicheki. Ukisikiliza simulizi za msukule vizuri, kinachotisha si kwamba aliyezikwa yupo. Kinachotisha ni kwamba yupo bila ulimi na bila hiari, analima usiku shamba la mtu mwingine. Sijaona ushahidi kwamba misukule ipo, na wanaodai kuirudisha kwa sadaka wanawaibia wafiwa. Lakini waliotunga hofu hiyo walijua walichokiogopa: kurudi nusu. Mbwa wa Cornish walirudi nusu. Dawa za Yale ziliwekwa ili asirudi nusu mtu, au nguruwe.

Mtu akianguka mbele yangu sasa hivi, nifanye nini?

Mguse mabega, mwite kwa sauti. Haitiki na hapumui, au anakoroma kwa pumzi zinazoachana mbali? Hizo si pumzi za kumtosha. Tuma mtu mmoja, kwa jina lake, apige simu ya dharura. Mlaze chali mahali pagumu, si kitandani. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha viwiko, bonyeza sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kinyanyuke kila mara. Usimmwagie maji, usimtie kijiko mdomoni. Utasikia mbavu zikilia, endelea. Ukichoka mpe mwingine nafasi hapohapo, bila kusimama kusubiri gari.